Tundu Lisilodondosha Tone: Kisa cha Ovaflo Niliyojitengenezea

Saa tisa usiku mama mkwe aligonga mlango wa chumbani. Alikuwa amekuja kututembelea, na godoro lake tulilitandika sebuleni, karibu na tangi la samaki, kwa sababu alipenda kulala akiwatazama. "Mwanangu, amka. Samaki wako wananihamia." Hata shikamoo sikumpa. Nilipotoka nilikanyaga maji. Yalikuwa yamefika ncha ya godoro, na ekstensheni inayolisha pampu, taa na feni ilikuwa imelala sakafuni, maji yameizunguka pande tatu.

Nilikimbilia swichi kuu. Njiani nilinasa mambo mawili tu. Tangi la juu lilikuwa limejaa hadi mdomoni, linamwagika polepole upande wa mbele. Chini, ndani ya kabati, pampu ilikuwa inakoroma kavu. Nikazima umeme, na kwa kufanya hivyo nikafuta nusu ya ushahidi: pampu iliposimama, maji ya juu yakarudi chini kupitia bomba lake, na baada ya dakika chache matangi yote mawili yalionekana salama kabisa, kama yanayouliza mbona umeamka. Ndiyo maana naandika kisa hiki kwa urefu. Mafuriko ya tangi la samaki hayakai yakusubiri uyachunguze.

Nieleze kwanza kilichokuwepo. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50, yaani lita 270 ukihesabu hadi juu. Ndani wanaishi samaki wa Ziwa Tanganyika, wengi wao Tropheus duboisi, wale ambao wakiwa wadogo huwa weusi wenye madoa meupe kama nyota. Ni samaki wa kula mwani kwenye mawe, wanakaa kwa kundi kubwa, na kundi kubwa linachafua maji. Uso wa maji ulikuwa unashika utando wa mafuta kila wiki. Chujio la kuning'iniza pembeni lilikuwa linavuta maji ya katikati na kuuacha utando huo ulivyo. Nilitaka tangi la pili chini, ndani ya kabati, la kuwekea vichujio, na maji yashuke yenyewe kutoka juu huku yakiukokota ule utando. Njia hiyo ya kushukia ndiyo ovaflo.

Njia iliyo bora ni kutoboa kioo. Nasema hivi mapema ili asije mtu akadhani nasifia nilichokifanya. Ukiwa na tangi jipya la kioo cha kawaida, tafuta keekee ya almasi, mwagilia maji wakati wa kutoboa, weka bomba na ringi ya mpira, umemaliza. Maji yakifika kwenye tundu yanashuka, hakuna uchawi hapo. Mimi tangi langu lilikuwa limeshajaa maji na samaki, na kioo chake cha chini ni kile kilichoimarishwa kwa moto, ambacho ukikigusa kwa keekee kinageuka changarawe. Vioo vya pembeni sikuwa na hakika navyo. Kwa hiyo nikaamua maji yavuke juu ya ukingo.

Maji kuvuka ukingo bila pampu ni jambo ambalo dereva yeyote aliyewahi kunyonya mafuta kwa mpira analijua. Mpira ukijaa, maji ya upande wa juu yanapanda kidogo ili yashuke zaidi. Kisanduku cha ovaflo ni namna ya kuufuga mnyonyo huo usije ukamaliza tangi lote. Unakuwa na visanduku viwili. Kimoja kinaning'inia ndani ya tangi, ukingo wake una meno, maji yanaingia kwa kumwagika juu ya meno hayo. Cha pili kinaning'inia nje, nyuma ya tangi, na ndani yake kuna bomba lililosimama linaloshusha maji kabatini. Visanduku vyote viwili vinaunganishwa na bomba lenye umbo la U iliyopinduliwa, limejaa maji, miguu yake imezama huku na huku. Pampu ikizimwa, maji yanashuka hadi usawa wa meno kisha yanaacha kuingia. Visanduku vinabaki na maji, miguu ya U inabaki imezama, mnyonyo haukatiki. Umeme ukirudi kazi inaendelea. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Vioo vya milimita 5 nilikatiwa na fundi vioo wa mtaani kwetu Tabata, nikavigandisha mwenyewe kwa silikoni ya matangi. Kukata meno kwenye kioo ni balaa, basi nikatumia chanuo mbili za plastiki, zile za meno mapana, nikazifunga kwa mshipi wa kuvulia kwa kuwa silikoni haishiki plastiki vizuri. (Sentensi hiyo ya mwisho niliijua siku ile. Kwa nini sikuikumbuka saa moja baadaye ndiyo sehemu kubwa ya kisa chenyewe.) Bomba la U nilimpa fundi bomba. Nilitaka la inchi moja. Akanicheka: "Bosi, weka inchi mbili. Bomba kubwa halijawahi kumtia mtu hasara." Nikakubali. Tukatoboa tundu dogo kwenye kilele cha U, tukapitisha mpira mwembamba wa hewa ili niweze kunyonya na kuanzisha mtiririko, nikaziba pembeni kwa silikoni. Juu ya bomba la PVC, nalo ni plastiki.

Iliendelea vizuri siku kumi na moja. Utando uliisha ndani ya siku mbili. Nilijisifu kwa kila aliyeingia mlangoni.

Usiku wa tukio umeme ulikatika kama saa sita na kurudi saa nane hivi. Asubuhi kila mtu nyumbani alikuwa na jibu lake: umeme ndio umefanya. Jibu hilo lina ukweli mdogo na linapoteza sana, kwa sababu umeme unaweza kukumwagia maji kwa namna mbili zilizo kinyume kabisa.

Namna ya kwanza ni umeme unapokatika. Bomba linalopandisha maji linageuka mnyonyo, linarudisha maji chini, na kama ncha yake imezama sana juu, tangi la chini linafurika. Ukiona maji yamemwagika kabatini na tangi la juu limepungua, shika hapo. Dawa yake ni tundu la milimita 4 kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, ili uso ukishuka tundu lipate hewa na kukata mnyonyo. Nilikuwa nalo. Namna ya pili ni umeme unaporudi. Pampu inapandisha, lakini ovaflo haishushi, basi juu kunajaa na chini kunakauka. Pampu niliyoikuta ikikoroma kavu ilitosha kunionyesha ni namna ipi iliyonipata.

Ovaflo kutoshusha nako kuna sababu zaidi ya moja. Meno yanaweza kuziba, kwa jani au konokono. Bomba la kushusha linaweza kuziba. Au mnyonyo umekatika. Hapa ndipo niliposhukuru kwamba ushahidi mmoja haukujifuta. Nilimulika visanduku kwa simu: cha ndani kilikuwa kimejaa hadi kwenye meno, cha nje maji yake yametulia sentimita 3 chini ya hapo, sawasawa na mdomo wa bomba lililosimama. Meno yangekuwa yameziba, cha ndani kisingejaa. Bomba la kushusha lingekuwa limeziba, cha nje kingefurika. Na kama U ingekuwa nzima, pampu ikiwa imezimwa visanduku hivi viwili vingelingana usawa, kwa kuwa kwa maji hiki na kile ni chombo kimoja. Havikulingana. U ilikuwa imeingia hewa.

Nililipapasa bomba zima kutafuta mahali panapovuja. Kavu. Nikalizungushia karatasi ya choo, nikasubiri nusu saa, karatasi kavu. Fundi bomba alipofika mchana naye alipapasa, akatikisa kichwa, akasema halivuji. Alikuwa sahihi kwa mabomba aliyoyazoea, ya maji ya presha, ambayo tundu likiwepo maji yanatoka nje. Kilele cha U kipo juu ya usawa wa maji ya pande zote mbili. Maji yaliyomo pale yameinuliwa na hewa inayosukuma uso wa visanduku, presha yake iko chini ya ile ya hewa ya chumbani. Tundu likiwepo pale halitoi hata tone. Linavuta hewa ndani, kimya kimya, na unaweza kulitazama mwaka mzima usilione.

Basi tukaenda kwa fundi baiskeli. Sitanii. Bomba la U tuliliziba mguu mmoja kwa kiganja na mpira wa hewa kwa kidole, tukalizamisha kwenye karai lake la kutafutia pancha, nikapuliza mguu wa pili. Pembeni ya silikoni vipovu vikatoka kimoja kimoja, kama vya tyubu iliyochomwa na mwiba mdogo. Silikoni ilikuwa imeng'atuka PVC upande mmoja, nilipoigusa kwa ukucha ikabanduka yote kama ngozi ya ndizi.

Nililirekebisha kwa njia nyingine. Nilitoboa tundu jipya dogo kidogo kuliko unene wa mpira wa hewa, nikauchonga mpira ncha kali, nikaupitisha na kuuvuta kwa koleo hadi ukabana wenyewe. Nikapiga msasa eneo la nje na kupaka gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili. Lile tundu la zamani nililifunika kwa kiraka cha PVC na gundi ya bomba. Kwa fundi baiskeli tena: hakuna kipovu. Mwisho wa mpira nikaweka kivalvu cha kufunga.

Wengi wangeishia hapo, na mimi nilitaka kuishia hapo. Kilichonirudisha nyuma ni hesabu ya siku. Kama tundu peke yake ndilo lililoua mnyonyo ndani ya saa mbili za giza, kwa nini halikuuua katika siku kumi na moja za mwanzo, ambamo umeme ulikatika mara mbili kwa dakika chache? Nilidhani mtiririko ulikuwa unabeba sehemu ya hewa na kuacha nyingine. Nikanunua sirinji ya mililita 60 duka la dawa, na kila jioni nikawa naichomeka kwenye kile kivalvu na kuvuta hewa iliyokusanyika kileleni, nakomea maji yanapoanza kuja.

Siku ya kwanza, bomba likiwa limezibwa vizuri kabisa: mililita 40. Siku ya pili, 38. Hewa ilikuwa inatoka wapi? Jiwe la kutoa vipovu lilikuwa sentimita kama 20 tu kutoka kwenye meno. Nikalihamishia upande wa pili wa tangi. Ikashuka hadi 15, wala haikushuka zaidi. Maji yanapodondoka juu ya meno na kuingia kisandukuni yanabeba vipovu vyao wenyewe, na hilo huwezi kulizuia.

Hapa ndipo ushauri wa fundi ulipokamatwa. Pampu yangu imeandikwa lita 2,000 kwa saa, lakini kupandisha maji karibu mita moja na nusu kunaipunguzia nguvu. Nilipima kwa ndoo: lita 20 kwa sekunde 58, sawa na lita 1,240 hivi kwa saa. Mtiririko huo ukipita kwenye bomba la inchi mbili unakwenda kwa kasi ya sentimita 18 hivi kwa sekunde. Ni kasi ya maji yaliyochoka. Kipovu kikifika kileleni kinatulia, kinangoja mwenzake, wanaungana, na hakuna wa kuwasukuma wateremke upande wa pili. Maji hayo hayo kwenye bomba la inchi moja yanakwenda karibu sentimita 70 kwa sekunde, mara nne zaidi, na kipovu hakipati nafasi ya kukaa. Kwa fundi bomba, bomba kubwa ni usalama. Kwenye mnyonyo, bomba kubwa ni kituo cha kupumzikia hewa.

Nikatengeneza U mpya ya inchi moja kwa elbo mbili (viungo vya kona) na vipande vitatu vya bomba. Sirinji ikatoa povu kidogo siku ya kwanza, kisha hakuna kitu kwa wiki mbili.

Kasi ina bei yake. Kwenye U kubwa tofauti ya usawa kati ya kisanduku cha ndani na cha nje, pampu ikifanya kazi, haikufika sentimita moja. Kwenye U ndogo maji yalihitaji tofauti ya sentimita 7 hivi ili yapite yote, na nilipoiwasha mara ya kwanza tangi la juu likaanza kupanda tena, mama watoto akashika ndoo. Ilinibidi nikate bomba lililosimama kwenye kisanduku cha nje, nilipunguze sentimita 6. Kabla ya kukata nilihakikisha miguu ya U inafika chini zaidi ya mdomo mpya wa bomba hilo, kwangu kwa sentimita 7. Ukikata bila kuangalia, siku umeme ukizimika kisanduku cha nje kinashuka hadi mguu unatoka majini, na umejitengenezea mafuriko mengine kwa mkono wako.

Kelele nazo zilikuja. Bomba lililosimama lilikuwa linagugumia kama choo. Nililivalisha kichwa cha tii (kiungo cha njia tatu) chenye elbo inayoangalia chini na kifuniko juu chenye tundu dogo la kupitisha hewa, namna ambayo wafugaji wa samaki wanaiita bomba la Durso. Kelele ikapungua ikawa mchirizi tu.

Haya yote yamepunguza uwezekano wa mnyonyo kukatika. Hayajauondoa, na ndipo nilipofikia jambo ambalo ningelifanya kwanza kama ningerudia. Nilihesabu maji. Mafuriko ya usiku ule yalikuwa na ukubwa gani, na nani aliuchagua? Chumba cha pampu kwenye tangi la chini kilikuwa na sentimita 40 kwa 35, maji yake kimo cha 25, lita 35. Pampu haiwezi kufyonza sentimita 4 za mwisho, basi iliweza kupandisha lita 29 na ushee. Juu, kutoka kwenye uso wa maji hadi mdomo wa tangi, kulikuwa na sentimita 3 tu za nafasi, yaani lita 16. Zilizobaki, lita 13, hazikuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye godoro la mama mkwe. Hesabu hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na aliyekipanga chumba kile ni mimi.

Nilikihamisha kioo cha kugawa tangi la chini hadi chumba cha pampu kikabaki sentimita 20 kwa 35, na maji yake kimo cha 22. Sasa pampu inaweza kupandisha lita 12.6, chini ya zile 16. Umeme ukikatika, lita 8 hivi zinashuka kutoka juu, chini napo pameachwa nafasi ya kuzipokea, na ukirudi ni hizo hizo zinazopanda mahali zilipotoka, hazibadilishi hesabu. Kisha nikajaribu kwa makusudi, mchana, samaki wakinitazama. Nilifungua kivalvu cha hewa, U ikakata kwa sauti ya koo linalomeza. Maji ya juu yakapanda. Pampu ikaanza kukoroma, na uso wa maji ukasimama milimita 7 chini ya mdomo. Pampu kuzunguka kavu muda mrefu inaweza kuungua. Afadhali nizike pampu.

Wapo wanaoweka mabomba mawili ya U, moja likikata lingine liendelee, na hoja yao si mbaya. Kwangu ingenipunguzia kasi nusu na kunirudishia vipovu, basi nimebaki na moja. Ekstensheni nimeipigilia ukutani juu ya usawa wa tangi la chini, na kila waya unashuka kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili maji yakiufuata waya yadondokee pale chini.

Chumba kidogo cha pampu kina usumbufu ambao sikuufikiria. Maji yote yanayokauka kwenye matangi mawili yanapungua hapo tu. Joto la Februari linaondoa kama lita 2 kwa siku, na kwenye chumba hicho lita 2 ni karibu sentimita 3. Najaza kila asubuhi, hadi mstari niliouchora kwa rangi ya kucha ya mke wangu.

Nikisafiri anakuja kijana wa jirani. Safari ya kwanza aliniuliza, "Anko, kwani nisijaze tu mpaka juu, halafu nipumzike siku tatu?" Swali zuri. Nikamwita karibu, nikaongeza ndoo moja juu ya mstari, nikatandika matambara sakafuni, nikafungua kivalvu cha hewa na kumwachia atazame maji yanavyopanda kuelekea mdomoni.